Dada Amesema Geuza Miguu

Nilianza kumchukia yule dada wa mazoezi kabla sijamtia machoni, na sababu ilikuwa mafuta. Mume wangu alirudi kutoka hospitali Jumanne moja akinukia. Haikuwa harufu ya saruji wala ya jasho, hizo ningezitambua hata nikiwa nimefumba macho. Alinukia mkaratusi na kitu kingine kitamu kitamu. Nikamuuliza amepaka nini. Akajibu bila kunitazama, "Ni dawa ya kuchulia. Dada ndiye aliyenipaka mgongoni."

Dada! Nilirudia neno hilo moyoni huku nasonga ugali, na siku hiyo tulikula ugali wenye mabonge.

Niseme ukweli wangu mapema: mimi nina wivu. Sikuuokota mjini, nimezaliwa nao. Nikiwa mtoto kule Mwazye niliwahi kununa siku nzima kwa sababu padri alimwekea mkono kichwani dada yangu akambariki kabla yangu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nitakuja kumtesa mwanaume wa watu. Basi mwanaume wa watu nikampata, kijana wa Mwimbi, mpole, mikono mikubwa, maneno machache.

Tunafanya kazi moja. Yeye ni fundi mwashi, mimi ni saidia fundi wake. Yeye anapanga tofali, mimi nachota maji, nachanganya udongo, nampandishia karai jukwaani. Tulianza mwaka ule mtoto wetu wa mwisho alipoingia darasa la kwanza, na tangu hapo ukimwona yeye kwenye saiti yoyote hapa Sumbawanga, ujue na mimi nipo chini na ngata yangu kichwani. Watu wanatutania kwamba tulifunga ndoa mara mbili, mara ya kwanza kanisani na mara ya pili kwenye saruji. Utani huo naupenda sana.

Aliumia mwezi wa nne, kwenye nyumba ya mtu mmoja upande wa Chanji. Lori la saruji lilikuja wingu limeshatanda, na mafundi wakaanza mashindano yao ya kushusha mifuko. Ndivyo walivyo. Anayebeba mfuko mmoja wanamuuliza kama amekuja kuposa. Mume wangu akainama kwa kiuno, miguu imenyooka, vile tunavyoinama wote huku tukifukia majani shambani, akajitupia wa kwanza begani, akaomba na wa pili. Nilisikia "ah" moja ndogo. Halafu akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo alilosahau nyumbani. Hakuweza kuinuka.

Jirani yetu bibi mmoja alimkanda kwa maji ya moto wiki mbili. Mama mkwe akapiga simu kutoka Mwimbi akasema katupiwa kitu. Hospitalini wakampiga picha, wakasema mfupa ni mzima ila mshipa wa fahamu umebanwa, wakampeleka chumba cha mazoezi, kila Jumanne na kila Ijumaa. Akaja na onyo ambalo alinieleza mara moja tu, akiwa ameshika kofia mkononi: miezi mitatu asinyanyue kitu kizito. Akijitonesha kabla hajapona, huenda asinyanyue tena maisha yake yote.

Nilielewa vizuri. Mikono ile ndiyo iliyojenga vyumba viwili tunavyolala na ndiyo iliyosomesha watoto. Kwa hiyo yeyote ambaye angemponya nilipaswa kumpigia magoti. Lakini roho yangu, jamani, mnaijua.

Nyumba ikajaa "dada amesema". Kwetu jioni zenye baridi tunakaa jikoni kwenye vigoda, tunazunguka moto. Yeye akasimama mlangoni. Nini tena? Dada amesema asikae kwenye kigoda. Akaletewa kiti cha sebuleni, akawa anatutazama kutoka juu kama mwenyekiti wa kijiji. Dada amesema asiiname kunawa uso, beseni lipandishwe mezani. Dada amesema alale ubavu na aweke mto katikati ya magoti. Huo mto ulikuwa wangu! Nikawa nalalia kanga iliyokunjwa, kisa dada.

Kulikuwa na karatasi pia, yenye michoro ya mtu asiye na sura amelala chali ananyanyua kiuno. Kila asubuhi mume wangu alitandika mkeka, akaitegemeza karatasi kwenye ndoo, akaanza. Anapandisha, anahesabu hadi kumi, anashusha. Nilikuwa napita na fagio nampiga vijembe. "Sasa hayo ndiyo mnayofanya huko? Mwenzako naye ananyanyua?" Anacheka kidogo, anaendelea kuhesabu. Angalau angekasirika ningejua pa kushika.

Kwenye saiti nako nilibaki peke yangu, nampandishia karai fundi mwingine asiye na salamu. Kulikuwa na mama mwenzangu tuliyekuwa tukichota maji pamoja, mdomo wake hauna mlango. Aliniambia, "Mwenzangu, mgongo gani huo unaotibiwa mara mbili kwa wiki? Mimi wangu nautibu kwa vidonge viwili vya dukani na maisha yanaendelea." Nikacheka naye, lakini maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani. Hata mimi wangu nilikuwa nautibu hivyo hivyo.

Mwezi wa sita, upepo umeshaanza kukata masikio, nikasema liwalo na liwe. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka nikamfuata hospitali bila kumwambia. Chumba cha mazoezi kilikuwa na pazia. Sikubisha hodi, maana nilitaka kuwafuma.

Niliwafuma, ndiyo. Mume wangu kalala kifudifudi kitandani, shati liko kwenye msumari. Yule dada kasimama pembeni, mrefu, kijana, suruali ya buluu, nywele kasukwa vizuri, na vidole vyake vinatembea kwenye kiuno cha mume wangu polepole kama mtu anayepapasa mchele kutafuta mawe. Damu ilinipanda. Lakini nawaambia, mikono ile siyo iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni kwamba mume wangu alikuwa anaongea.

"Uchungu unaanzia hapo hapo ulipogusa," alikuwa anasema. "Unashuka nyuma ya paja mpaka kisiginoni. Asubuhi vidole vinakufa ganzi, naviona lakini sivisikii. Nikikohoa, dada, natamani kulia."

Kisigino! Kisigino mimi sijawahi kukisikia. Mimi nikimuuliza nyumbani unaendeleaje, jibu ni moja, "Nipo sawa." Mimi niliyemzalia watoto wanne napewa "nipo sawa", na huyu wa juzi anapewa kisigino, anapewa ganzi, anapewa na kilio. Nilishika lile pazia mpaka pete moja ikachomoka kwenye waya.

Yule dada akageuka. Akatabasamu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

Haa! Shikamoo! Nilijiona nimezeeka papo hapo. "Marahaba," nikasema, mate yamekauka. Akaanza kunieleza kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari kwamba amefurahi nimekuja, kwamba wagonjwa wake mafundi wanaumia tena kwa sababu nyumbani na kazini hakuna anayewakumbusha, kwamba kama nina dakika kumi atanionyesha namna ya kumsaidia mzee. Kubwa ni moja, akasema, asizungushe kiuno akiwa na mzigo. Akitaka kugeuka, ageuze miguu kwanza. "Ukinisaidia kwa hilo tu, mama, utakuwa umemponya wewe."

"Nina kazi," nikamjibu. "Hapa kila mtu na kazi yake." Nikatoka. Mume wangu aliniita kwa nyuma na mimi nikajifanya sisikii.

Sasa nifike kwenye lile ninaloona aibu kulisimulia.

Wiki kama tatu baadaye fundi mkuu alituma ujumbe kwamba Ijumaa tunamwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu ya kuta, kwenye ile nyumba ya Chanji. Siku ya zege kwetu ni siku kubwa. Watu wanajipanga mstari kutoka chini kwenye kokoto mpaka juu ukutani, karai linapita mkono kwa mkono, hakuna kusimama, wimbo unaimbwa, na pembeni kuna sufuria ya wali na nyama. Na karai la kwanza halimwagwi na mtu yeyote tu. Analimwaga fundi aliyeinua ukuta. Asipokuwepo, atalimwaga mwingine, na kuanzia hapo ukuta ule utaitwa wa huyo mwingine, hata kama alikuja jana. Zile kuta za mbele alikuwa amezipandisha mume wangu, tofali kwa tofali, kabla hajaumia. Na Ijumaa ilikuwa siku ya dada.

Aliniambia Alhamisi, tukipukuchua mahindi uani, kwamba hatakwenda kwenye zege. Dada amesema bado wiki mbili.

Nikaona nafasi yangu. Sikupandisha sauti hata kidogo. Nilisema, "Sawa, baba watoto. Nenda ukakandwe. Yule kijana asiye na salamu atamwaga karai lako. Watu wakiniuliza fundi yuko wapi, nitawaambia yuko kwa mwanamke, kavua shati."

Aliacha kupukuchua. Gunzi lilibaki mkononi. Mimi nikaendelea na kazi yangu.

Ijumaa asubuhi mkeka haukutandikwa. Nilimkuta mlangoni anavaa buti zake za kazi, anafunga kamba amesimama, mguu juu ya kiti, maana hawezi kuinama. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliimba njia nzima hadi Chanji.

Alisema atamwaga karai la kwanza kisha atakaa. Na kweli, walimpandisha jukwaani wakampigia makofi, akalimwaga, akashuka ngazi polepole. Angekaa tu. Lakini kijana mmoja kwenye mstari akaitwa kwenye simu, pengo likabaki, na pengo lenyewe lilikuwa kushoto kwangu. Karai linakuja, hakuna wa kulipokea. Mume wangu alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Kutazama pengo mbele ya mstari unaoimba, hilo hakuna mwashi anayeliweza. Akaingia.

Mimi ndiye niliyempa.

La kwanza akalipokea akageuza miguu, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. La pili vilevile. Wimbo ukakolea, makarai yakaanza kukimbizana, na miguu yake ikaota mizizi. Nikaanza kuona kiuno kinazunguka peke yake. Niliona kwa macho yangu. Na maneno nilikuwa nayo, yapo kwenye ncha ya ulimi, nimeyasikia nyumbani kutwa kucha: geuza miguu. Maneno mawili tu. Lakini kuyasema ilikuwa ni kumwita yule dada pale kwenye zege letu, asimame kati yangu na mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikayameza. Nikampa karai jingine.

Hilo ndilo lililoanguka. Zege lilimwagika kwenye buti zake, yeye akashuka juu yake magoti kwanza, na safari hii hakusema "ah". Alipiga ukelele ambao uliuzima wimbo mstari mzima. Walimbeba kwenye ubao wa jukwaa. Nilimshika mkono na mikono yetu yote miwili ilikuwa na zege, likawa linatukaukia njiani.

Alilazwa siku nne. Daktari hakufoka, alitikisa kichwa tu. Jumanne wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye lile pazia, na mimi nyuma yake na kanga ya nyumbani, sina tena hamu ya kupendeza.

Yule dada alimpima. Akamwinua mguu mmoja, akamwinua mwingine, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo. Kisha akavuta kigoda chake akakaa mbele yake. "Mzee wangu, nisikudanganye. Kutembea utatembea, tutahangaika mpaka utembee vizuri. Ila kunyanyua, basi. Jukwaani kwenyewe sitaki kukusikia huko. Utashika pimamaji, utasimama chini, utaelekeza wengine."

Mume wangu alitazama viganja vyake, mbele na nyuma. "Sawa," akasema.

"Ilikuwaje? Nilikusubiri Ijumaa."

"Niliteleza."

Alisema hivyo haraka, bila kunitupia jicho. Alikuwa ananificha. Miaka yote ile sijawahi kujisikia mdogo kama siku hiyo. Ningeweza kunyamaza, na mpaka leo asingejua mtu.

"Hakuteleza," nikasema. "Alikuwa haendi kwenye zege, mimi nikamsimanga kwa ajili yako. Na kwenye mstari mimi ndiye niliyekuwa nampa karai. Nilimwona anazungusha kiuno. Nilijua, nikanyamaza."

Nilisubiri anipe vidonge vyangu, nami nilikuwa tayari kuvimeza. Hakunipa hata kimoja. Halafu akaenda kwenye kona akachukua beseni, akalijaza mifuko midogo ya mchanga waliyo nayo ya mazoezi, akanikabidhi. "Nionyeshe ulikuwa unatoaje, mama. Taratibu. Kama kazini."

Nikadhani ananikomoa. Nikalipokea upande wa kulia, nikazunguka, nikalitoa kushoto. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akaliondoa beseni mikononi mwangu kabla sijamaliza.

"Hapo katikati unabana meno," akasema. "Na bega hili hulipandishi. Linakuuma tangu lini?"

Nikafungua mdomo niseme nipo sawa. Halikutoka. Alikuwa ameshaweka mkono begani kwangu, kiganja cha moto, kidole gumba kimeenda chenyewe mpaka pale pale, ile sehemu ambayo mimi mwenyewe nikiipapasa nyuma siifikii. Halafu maneno yakaanza kutoka, mimi nayashangaa kama yanatoka kwa mtu mwingine. Kwamba bega ni tangu mtoto wa tatu, tulipokuwa tunachota maji bondeni. Kwamba kiuno ni tangu saiti yetu ya kwanza. Kwamba asubuhi vidole vya mkono wa kulia havifungi, nawasha moto kwa wa kushoto. Kwamba nikiwa mwezini ndiyo siwezi hata kuinua ngata, nameza vidonge nabeba hivyo hivyo. Aliniinamisha kwenye kitanda kilekile, akaweka mkono kwenye kiuno changu, akawa anauliza hapa? na hapa? Nikalia, wala sikuona aibu. Tangu siku ile padri alipombariki dada yangu kabla yangu, sijui kama kuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, sehemu moja baada ya nyingine, na kusubiri jibu.

Nilipoinuka kufuta uso, nilimwona mume wangu kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilikuwa nimesahau yupo. Alikuwa anamtazama yule dada, si kwa shukrani. Nalijua jicho lile vizuri, mimi ndiye mwenye jicho hilo kwenye ndoa yetu.

Tulipewa karatasi mbili, yake na yangu. Nje nilimwomba kijana wa bajaji aende polepole kwenye mashimo. Tulikaa nyuma, upepo unapenya pembeni, nimemfunika miguu kwa kanga. Tulipita soko, tukapita ile nyumba ya barabarani aliyojenga akiwa bado kijana, hakuigeuzia kichwa kama anavyofanya siku zote. Nilijua amenikasirikia kwa zege na nilijua ana haki. Nikakaa nasubiri aseme.

"Bega," akasema hatimaye. "Tangu mtoto wa tatu?"

"Si umesikia."

"Nimesikia ukimwambia yeye." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mtoto wa tatu yuko sekondari. Miaka yote hiyo mimi niko juu unanipa karai, nakuuliza umechoka, unasema upo sawa. Yeye kakushika dakika tano umempa vyote."

Bajaji ikaingia kwenye shimo, akauma meno, nikamshika kiuno kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Hakuutoa.

"Sasa niambie mimi," akasema. "Anza upya. Usiruke kitu."

Nikaanzia kwenye bega.